Mkuku, si Mkuki

Jumapili, 4 Februari 1979

Daftari hili lilikuwa la kuandikia zamu za shimoni, enzi mgodi ulipokuwa mgodi. Nilitoka nalo siku ya mwisho, mwaka sitini na sita, pamoja na nyundo mbili na keekee ya mkono ya kutobolea chuma, na sioni haya kusema hivyo kwa sababu wenzangu walitoka na milango. Sikuwahi kuwa mtu wa kuandika mambo ya nyumbani. Lakini kichwa changu kimejaa na mke wangu Mektilda amechoka kunisikiliza, basi karatasi inisikilize.

Binti yetu Paskalina amerudi. Alishuka jana kwenye lori la pamba, tumbo mbele, sanduku kichwani. Mumewe yuko vitani huko Kagera, na kwa wakwe zake Bugarama hakuna wa kumwangalia. Mwaka juzi alipasuliwa ili mtoto atoke, na mtoto hakuishi. Sasa amekuja na barua ya daktari yenye mistari mitatu: asijifungulie nyumbani, asingoje uchungu ukolee, apelekwe kwa daktari wa kupasua. Siku zake ni katikati ya Aprili.

Daktari wa kupasua wa mjini amechukuliwa jeshini tangu Krismasi. Lori lililomleta Paskalina nalo limechukuliwa leo asubuhi, dereva akiwa bado na mswaki mdomoni. Aliyebaki ni daktari wa misheni, na yeye yuko ng'ambo ya ghuba, mwendo wa siku nzima majini. Mitumbwi ya injini imelala mchangani kwa kukosa petroli. Ya makasia ipo, lakini binti yangu hatapanda mtumbwi. Nimelisema mara moja na silirudii.

Nimebaki na mashua ya Jumapili.

Jumatatu, 5 Februari

Mashua hii ilikuwa ya injinia mmoja mzungu wa mgodini. Aliitwekea tanga kila Jumapili, na mimi nilikuwa mtu wake wa kamba. Alipoondoka aliniachia. Miaka kumi na mitatu imekaa juu ya magogo chini ya banda langu, mbuzi wakilala ndani yake, na tanga lake nikalihifadhi darini.

Uzuri wake ni mmoja tu. Upepo ukiilaza, huamka yenyewe. Nimeona kwa macho yangu tanga likigusa maji, mzungu akicheka, nayo ikainuka taratibu kama mlevi aliyeitwa na mkewe. Kinachoiinua ni mkuku. Mkuku wake si ubao mwembamba kama wa mitumbwi yetu. Ni pande la chuma lililoshuka chini ya tumbo, uzito wa ng'ombe dume, limekazwa kwa boliti saba. Mkuku ukiwa mzima, hakuna atakayezama.

Leo nimeingia chini yake na nyundo. Pigo la kwanza nyundo ilizama. Si kubonyea, ilizama, kama umepiga kiporo cha ugali. Kutu imetoka vipande vipana nikavipanga pembeni, nikaendelea kupiga na kupanga mpaka Mektilda akaja kuuliza kama natengeneza mashua au naimenya.

Alhamisi, 8 Februari

Patasi. Kutu. Patasi. Kutu.

Jumapili, 11 Februari

Dominiko, mtengeneza mitumbwi wa kijiji, amenisimamisha nje ya kanisa. Ni Mzinza, mfupi, mwenye mikono mikubwa kupita kimo chake.

"Fundi," akaniambia, "mwezi huu ziwa limetulia. Nipe binti nimvushe sasa, akakae kwa masista mpaka siku zake. Wapiga kasia wanne ninao."

Nikamwambia binti yangu si gunia la dagaa. Akavaa kofia yake akaenda.

Niandike jambo hili lote basi, nisilirudie. Mwanangu wa kwanza, Pantaleo, alizama mwaka sabini na tatu, akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ndani ya mtumbwi alioutengeneza Dominiko, na ni Dominiko aliyemwazima. Upepo uliubinua, na mtumbwi ukibinuka umebinuka. Kijiji kizima bado huniita Baba Pantaleo, ndiyo desturi, hata mtoto akiwa amekufa jina halifi. Dominiko peke yake, tangu siku ile, huniita Fundi. Anajua mwenyewe kwa nini. Mimi humu daftarini nitamwita anavyostahili: mshona vikapu, maana kwao mitumbwi hushonwa kama vikapu, aliyeniulia Pantaleo.

Jioni Mektilda ameninunia. "Maji yakitulia hata beseni linavuka," amesema. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa. Lakini wewe umeshtuka miaka sita."

Jumatano, 14 Februari

Kutu. Paskalina amevimba miguu.

Jumanne, 20 Februari

Leo nimepata matumaini, nayaandika kabla hayajaondoka.

Shimoni tulikuwa na kazi moja kila asubuhi kabla ya yote: kugonga mwamba wa juu kwa mtaimbo na kusikiliza. Ukilia kama kengele, ni mzima, fanya kazi chini yake. Ukilia kama ngoma yenye tundu, ondoka na uwatoe wenzako. Niliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na sikio langu halijazeeka. Leo nimeugonga mkuku wote, kutoka mbele hadi nyuma. Nje ni uozo. Ndani, kiini chake kinalia kama kengele. Chuma kimeliwa ngozi tu, mfupa upo.

Balaa ni boliti. Kati ya saba, tano zimekatika nilipozigusa, na matundu yake yamepanuka hata kidole kinapita. Boliti mpya zitacheza mle ndani. Ila mgodini tulikuwa tukikaza vyuma kwa kumimina risasi iliyoyeyushwa. Inajaa tunduni, inapoa, haitoki tena. Risasi huyeyuka hata kwa moto wa mkaa. Mdogo wangu Masele yuko gereji moja mjini Shinyanga, na amezungukwa na betri chakavu zilizojaa risasi. Nitamwandikia.

Ijumaa, 2 Machi

Barua siku hizi inakaa mwezi. Nimepanda baiskeli hadi posta ya mjini, kilomita arobaini, nikapeleka simu ya maandishi. Simu haipendi maneno mengi, nami nilijitahidi: TUMA RISASI KILO SITINI HARAKA MKUKU UMEKWISHA MVUA KARIBU OTMAR.

Msichana wa posta ameisoma mara mbili, akanitazama, akaisoma tena. Nikadhani ameupenda mwandiko wangu.

Jumamosi, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Banda linavuja juu ya mashua.

Jumatatu, 5 Machi

Mshona vikapu amekuja mpaka bandani, akasimama mlangoni bila kuingia. "Fundi, ziwa lina siku tano za upole, labda sita. Baada ya hapo mimi mwenyewe siendi." Nikamjibu risasi ziko njiani. Ndipo akaingia, akaupapasa mkuku, akaondoka.

Paskalina alikuwa akisikia kupitia ukutani. Baadaye ameniambia, "Baba, mimi naweza kupanda mtumbwi. Siogopi." Nikamwambia mimi ndiye ninayeogopa. Ni mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu.

Jumatano, 7 Machi

Kuna askari wawili mlangoni. Wanauliza kama Otmar ndiye mimi.

Jumamosi, 17 Machi

Nimerudishiwa daftari jana, pamoja na mkanda wa suruali. Nimekaa kituo cha polisi cha mjini siku tisa. Naandika yote, kwa sababu nikikumbuka kichwani tu nitaona kama nimezusha.

Afisa alikuwa kijana wa Samuye, mwenye adabu. Alinipa shikamoo kwanza ndipo akanifungia. Mezani palikuwa na nakala ya simu yangu na daftari hili, walilolikuta chini ya mto wangu.

"Mzee wangu, nchi iko vitani," alisema, "na wewe unaagiza risasi kwa kilo. Za nini?"

"Za mkuku."

"Mkuki upi?"

"Si mkuki. Mkuku. Wa mashua."

"Mzee, mimi kwetu Samuye nimechunga ng'ombe mpaka nikaota ndevu. Sijapata kusikia kitu kinaitwa mkuku."

"Kwenu kuna ziwa?"

"Kuna lambo."

Akanigeuzia karatasi nikaisoma. Msichana wa posta, kwa wema wake, aliona nimekosea herufi akanisahihishia: MKUKI UMEKWISHA. Risasi kilo sitini haraka, mkuki umekwisha. Hata mimi ningejifunga.

Nilimweleza kwamba risasi ni madini kabla ya kuwa kitu cha bunduki, kwamba shimoni tuliitaja kila siku na hakuna aliyeshtuka. Akauliza kwa nini basi sikuandika ni madini. Miaka yote ya mgodi imenifunga masikio. Neno likitoka kinywani mwangu nalisikia kama wachimbaji wanavyolisikia, sikukumbuka kwamba wengine wote, mwaka huu, wanalisikia kwa masikio ya vita. Shinyanga nako walikuwa wamemhoji Masele, na betri zote za gereji zikachunguzwa. Hatatuma kitu. Simlaumu.

Siku tisa nilisikiliza mvua juu ya bati la kituo. Zile siku za upole za ziwa nilizihesabu zikipita: moja, mbili, mpaka tano. Ya sita upepo ulikuja. Nililia. Sikulia hivyo hata kwenye matanga ya Pantaleo, maana siku ile nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Jana asubuhi nikaitwa kaunta. Alikuwepo Dominiko, matope hadi magotini, amekuja kwa miguu kilomita arobaini na gunia begani. Mezani alikuwa amemwaga boliti zangu tano zilizokatika na vipande vya kutu vipana kama sahani.

"Huu ndio mkuku?" afisa alimuuliza.

"Huo ni ukoko wake tu, mwanangu," Dominiko akajibu. "Chungu chenyewe kiko nyumbani, hakibebeki."

Afisa akakishika kipande, kikavunjikia mkononi mwake, akafuta vidole kwenye suruali. Akaniambia nimshukuru mzee huyu. Nilimshukuru. Tulirudi pamoja kwa miguu. Nilimuuliza kama walilisoma daftari langu. Akasema, "Walilifunguafungua."

Jumapili, 18 Machi

Katika siku zile tisa Dominiko na Mektilda walikuwa wameiegemeza mashua ubavu, wakaparua kutu yote iliyobaki kwa mawe na majembe mabovu. Nilidhani nitaikuta imelala na mbuzi.

Leo Dominiko amekaa kwenye gogo akasema, "Fundi, risasi haziji tena. Boliti huna. Tuushone."

"Utashonaje chuma?"

"Kwa uzi wa chuma. Ile kamba ya waya ya kapi la mgodini, uliyofungia zizi. Wewe toboa pale penye uhai, mimi nitashona. Mitumbwi ya babu zangu haikuwa na msumari hata mmoja."

Nilitaka kumjibu vibaya, na jibu lilikuwa tayari ulimini. Ila nimepigwa na siku tisa, na zimebaki wiki nne. Nikasema sawa.

Jumatano, 21 Machi

Mimi nagonga, nasikiliza, natia alama ya chaki pale panapolia. Dominiko anakaa kimya nikisikiliza. Hata Mektilda hatulizi mdomo hivyo kanisani. Keekee ya mkono inakula chuma kwa shida. Nimetumia siku tatu kupata tundu moja, na yanatakiwa saba.

Jumatatu, 26 Machi

Tundu la tatu. Ziwa leo limefunga, ng'ambo haionekani. Mitumbwi yote imepandishwa juu.

Ijumaa, 30 Machi

Tundu la tano. Dominiko anapokezana nami keekee. Viganja vyake havipati malengelenge. Nilimwambia hivyo, akacheka, mara ya kwanza mbele yangu kwa miaka sita.

Mshono unavyokwenda ni hivi. Waya unapita kwenye tundu la mkuku, unapanda kwa matundu mawili ya mbao, kulia na kushoto, unakutana ndani ya mashua. Hapo ndani Dominiko anapitisha kijiti cha mti mgumu na kukizungusha, waya unakaza, chuma kinabanwa kwenye tumbo la mashua. Kisha anafunga kijiti kisirudi. Matundu ya mbao anayaziba kwa pamba iliyochovywa kwenye mafuta ya ng'ombe. Vijiti saba vitalala sakafuni kama makomeo ya milango saba.

Jumapili, 1 Aprili

Mvua. Hatukwenda kanisani. Mungu anajua tuko wapi.

Alhamisi, 5 Aprili

Tundu la saba limepita saa nane mchana. Nilikaa chini nikashindwa kuinuka. Paskalina alileta uji, akatunywesha wote wawili, mimi na Dominiko, akiwa ameshika kiuno.

"Umeanza?" nikamuuliza.

"Bado, Baba. Anageuka tu."

Uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Mektilda hanitazami. Najua anachofikiri kwa sababu ndicho ninachofikiri mimi: mwezi wa pili binti huyu angevushwa juu ya maji yaliyolala, sasa hivi angekuwa kwenye kitanda cha masista anasuka mkeka. Ni mimi niliyekataa. Nikimpoteza na huyu, sina mtengeneza mitumbwi wa kumwandika.

Jumapili, 8 Aprili. Matawi

Mishono sita. Mmoja umebaki. Nimelipandisha tanga bandani kulikagua. Panya wamelitoboa mahali pawili. Mektilda ametoa kanga zake mbili za harusi akaziba, bila kuombwa.

Jumatatu, 9 Aprili

Mshono wa saba umefungwa saa kumi. Saa kumi na mbili Paskalina ameshika nguzo ya mlango na hakuiachia kwa muda. Uchungu umeanza, na umeanza mapema. Mashua haijaguswa na maji. Tunaondoka kukipambazuka.

Alhamisi, 12 Aprili

Hospitali ya misheni, ng'ambo. Nimekaa kwenye ngazi ya wodi.

Tuliiteremsha mashua Jumanne alfajiri, watu ishirini wakiisukuma juu ya magogo. Waliosema ni kitanda cha mbuzi ndio waliosukuma kwa nguvu zaidi. Tuliingia wanne: mimi kwenye usukani, Paskalina amelalia godoro la majani, Mektilda na kata ya kuchotea maji, na Dominiko. Sikumwomba Dominiko aje. Aliingia tu, akakaa karibu na vijiti vyake.

Hadi saa nne ilikwenda vizuri. Maji yaliingia kidogo kwenye matundu ya mishono, pamba ikavimba, yakapungua. Uchungu wa Paskalina ulikuwa ukija na kwenda, na kila ulipokuja alishika kamba ya tanga na mimi nikaihisi mkononi mwangu.

Saa sita upepo uligeuka. Niliuona ukija juu ya maji, mweusi, nikalegeza kamba, nikachelewa. Mashua ililala. Tanga liligusa maji, zile kanga za Mektilda zikaingia ziwani, na nikaona upande mmoja mbingu na upande mwingine maji tupu. Paskalina alisema "Baba," polepole tu, kama ananiita mezani. Nilijua kwamba ndivyo alivyoniita Pantaleo. Sikuwepo, lakini nilijua.

Kisha chini ya miguu yangu nikausikia mkuku ukivuta. Mashua ikasita, ikatetemeka, ikainuka. Taratibu, vilevile kama zamani.

Ilipoinuka, kijiti cha tatu kilikatika. Waya ukaanza kujifungua na kukimbilia tunduni. Mshono huo ungetoka, uzito ungeangukia wa jirani, na baada ya huo yote ingefuata. Dominiko alijitupa juu yake. Aliuchomeka mtaimbo wangu uliokuwa sakafuni kwenye kitanzi, akauzungusha mpaka ukakaza, lakini hapakuwa na mahali pa kuufunga. Akaushika. Nyuzi za waya zilikuwa zimechanika, na kila wimbi lilipotupiga zilijikaza kwenye kiganja chake. Nikamwambia tupokezane. Akasema, "Nani atashika usukani? Mimi sijui chombo chako hiki. Endesha, Fundi."

Nikaendesha. Mektilda alichota maji, na kuanzia saa nane maji aliyokuwa akichota yalikuwa na rangi ya damu ya kiganja kile. Tulifika saa kumi. Dominiko hakuuachia mtaimbo mpaka mkuku ulipogusa mchanga, na hata hapo vidole vyake ilibidi nivikunjue mimi, kimoja kimoja.

Paskalina alipasuliwa saa kumi na moja. Mtoto wa kike alitoka akiwa hai, akipiga kelele. Mama yake alipoteza damu nyingi. Sista Scolastika alitoka akaniambia nimwachie Mungu na daktari, kwa mpangilio huo, na sikupenda sauti yake.

Jana nzima hakufumbua macho. Mchana vigelegele vililipuka uani, watu wakakimbia huku na huko wakikumbatiana. Nikainuka nikiwa nalia kwa furaha, nikidhani ni binti yangu. Kumbe redio imetangaza kwamba Kampala imeanguka. Nilirudi kwenye ngazi. Niliomba vita virudi, ilimradi yeye aamke. Mungu anisamehe, niliomba hivyo kweli.

Leo saa tatu amefumbua macho akaomba chai. Sista anasema ataishi. Mektilda yuko naye ndani, mimi nimetoka kuandika.

Dominiko amekaa ngazi ya chini yangu, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko. Daktari amemwambia vidole viwili havitakunja tena. Alikuwa akinitazama ninavyoandika ukurasa huu, kisha akasema:

"Safari hii usiniandike mshona vikapu. Sina hata mkono wa kushonea."

Kalamu ilisimama. Sijawahi kulitamka jina hilo kwa mtu yeyote. "Nani kakwambia?"

"Yule kijana wa Samuye. Alitaka kuhakikisha kama mashua ipo kweli, akanisomea daftari lote, toka mwanzo. Pale ulipoandika nilimuua Pantaleo alisoma mara mbili. Akaniuliza kama ni kweli."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mtumbwi ulikuwa wangu. Akasema hiyo si kesi aliyoletewa. Nikamwambia basi tuendelee na iliyoletwa, mkuku upo, nimekuja na ushahidi."

Alisema hayo yote akitazama mkono wake. Aliyasikia yote hayo tarehe kumi na sita Machi, kisha akatembea na mimi kilomita arobaini kwenye matope, akanishonea mishono saba. Nilitaka kuchana ule ukurasa wa Februari. Akaniwekea mkono wake mzima juu ya daftari.

"Acha. Uliandika ulivyoona. Andika na huu."

Nimeandika.

Jumapili, 29 Aprili

Mtoto ameitwa Generoza. Ananyonya, anakojoa, anapiga kelele wakati wa sala. Mumewe Paskalina ameleta salamu kupitia askari aliyelazwa hapa, yu mzima. Wiki ijayo tunarudi nyumbani, ziwa likikubali.

Mashua iko ufukweni, ubavu juu. Kati ya mishono saba imebaki mitatu, na tumepata waya mpya. Dominiko anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuelekeza. Mimi ndiye ninayeshona. Nimepitisha waya, nimekutanisha ncha, nimezungusha kijiti, nimekifunga kwa fundo langu bora. Nikakaa nyuma nikautazama, nikaona umependeza.

Dominiko aliinama, akaupapasa kwa mkono wa kushoto.

"Mshono mbaya huu, Baba Pantaleo," akasema. "Fumua."

Nimefumua, nimeanza upya.